Wasomaji 300 kwa siku, dola 14 kwa miezi minane: je, blogu ya kuku italipa?

Swali kutoka kwa msomaji wa Dodoma: "Habari za kazi, kaka. Nina stashahada ya afya ya mifugo kutoka chuo cha Mpwapwa. Huu ni mwaka wa pili naandika blogu ya ufugaji wa kuku kwa Kiswahili, ile ya bure ya Blogspot. Kwa siku wanaingia kama watu 300. Niliweka matangazo ya Google, na kwa miezi minane nimepata dola 14 tu. Hata ile barua yao yenye PIN ya kuthibitisha anwani haijanifikia. Kila mwisho wa mwezi mume wangu ananiuliza bando nachoma kwa faida gani. Naomba uniambie ukweli: blogu inaweza kunilipa, au niachane na kuandika nifuge tu? Na jina langu la mtandaoni la .co.tz ninunue au bado?"

Nzuri, dada yangu, na pole na hiyo barua. Umeomba ukweli, basi tuanze na hesabu.

Watu 300 kwa siku kwa miezi minane ni kurasa kama 72,000, tukichukulia kila mmoja alifungua ukurasa mmoja. Gawanya dola 14 humo: unapata kama senti 19 za dola kwa kila kurasa 1,000. Kiwango cha chini cha Google kutoa malipo ni dola 100. Kwa mwendo huu wa dola moja na robo tatu kwa mwezi, malipo yako ya kwanza yangekuja mwaka wa tano. Na ukitaka matangazo hayo yakupe Sh 300,000 kila mwezi, ungehitaji kurasa karibu 20,000 kwa siku. Blogu ya kuku haifiki huko. Labda uanze kuandika habari za wasanii na mechi za Simba na Yanga, na huko utakuta watu wana ofisi, waandishi na wapigapicha.

Kosa si lako na wala si la Kiswahili chako. Nafasi ya tangazo la Google inauzwa kwa mnada, na bei inategemea ni kampuni ngapi zinamgombania yule anayesoma. Anayesoma habari za bima akiwa Marekani anagombaniwa na makampuni mengi yenye fedha. Mfugaji wa Chamwino mwenye kuku 80 hagombaniwi na mtu kule mnadani, hata kama kila mwezi ananunua chakula, chanjo na vifaranga. Wanaotaka hela yake wapo, tena wengi, ila wako mtaani kwenu na hawajui hata huo mnada unafanyikia wapi. Hapo ndipo nataka tuelekee.

Kwanza tumalize ya Google. Usiyatoe matangazo yao, yaache yachume hicho kidogo. Barua ya PIN hutumwa ukishafikisha dola 10 na huchukua wiki 2 hadi 4, kwetu mara nyingine zaidi. Ingia kwenye akaunti uangalie anwani uliyoandika. Ikiwa uliandika jina la mtaa tu, barua imepotelea njiani. Weka sanduku la posta ambalo kweli lina mtu wa kulifungua, liwe la kanisa, la msikiti au la ofisi ya ndugu, pamoja na postikodi ya kata yako, kisha uombe PIN nyingine. Unaruhusiwa kuomba tena, na ukimaliza nafasi zako bila barua kufika, utapewa njia ya kuthibitisha kwa kitambulisho. Usikae nalo lakini: miezi minne ikipita tangu PIN ya kwanza itolewe bila kuiingiza, matangazo huacha kuonekana. Na jina la akaunti lifanane na la kitambulisho na la akaunti yako ya benki, maana fedha zitakuja kwa njia ya benki, na benki itamega chake.

Jambo jingine: atakayekushauri uwaombe ndugu na marafiki wabofye matangazo, mkatalie. Google inatambua, inafunga akaunti na kuzirudisha hela kwa waliotangaza. Tena tangu 2024 wanalipa kwa tangazo kuonekana, si kwa kubofywa, kwa hiyo hata huo ujanja wenyewe umepitwa na wakati.

Najua kuna mtu atakutajia Michuzi. Ni kweli, Issa Michuzi alifungua blogu yake 2005 na ikawa kijiwe cha Watanzania wa ndani na nje. Ila yule alikuwa mpigapicha wa gazeti, yupo kila palipo na tukio, na Mtanzania wa London au Houston hakuwa na mahali pengine pa kuona harusi na misiba ya nyumbani siku hiyohiyo. Watangazaji walimfuata kwa sababu ya umati. Wewe huna umati. Una kitu kingine, na kwa maoni yangu kina thamani kubwa kuliko unavyodhani: watu wachache wenye shida ya aina moja, wanaokuamini kwa sababu umeisomea.

Fungua Search Console ya Google, ni ya bure, na uunganishe blogu yako. Humo utaona maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kukufikia. Yatenge mafungu mawili. Fungu la kwanza ni "kuku anaharisha nyeupe", "kuku amepinda shingo", "vifaranga wanakufa ghafla". Huyu ana mgonjwa bandani, anataka jibu usiku huuhuu, akilipata anakwenda zake. Fungu la pili ni "bei ya vifaranga wa Sasso Dodoma", "gharama ya kufuga kuku 100", "chakula cha kuku mfuko wa kilo 50 bei". Huyu ana hela mkononi na hajui aipeleke wapi.

Nina hakika karibu makala zako zote ni za fungu la kwanza, maana ndivyo mtu aliyesoma mifugo anavyofikiri: ugonjwa, dalili, tiba. Usiziache, hizo ndizo zilizokujengea jina. Lakini siku hizi Google yenyewe inajibu maswali mengi ya namna hiyo juu kabisa ya matokeo kwa akili mnemba, na msomaji anaridhika bila kufika kwako. Kitu ambacho mashine haina ni bei ya jana ya kuku chotara pale soko la Majengo, nani ana vifaranga wiki hii, na mfuko wa pumba umepanda kiasi gani. Anzisha ukurasa mmoja tu wa bei za Dodoma, uuhuishe kila Jumamosi, na juu kabisa uandike tarehe. Kazi yenyewe ni kupiga simu chache na kupita sokoni. Kama ningeambiwa nichague ukurasa mmoja wa kubaki nao katika blogu yako nzima, ningechagua huo ambao bado hujauandika.

Sasa twende mtaani. Chagua duka moja la pembejeo za mifugo ambalo wewe mwenyewe ungemtuma mama yako akanunue. Nenda asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Usimweleze mwenye duka habari za blogu na takwimu. Atakuitikia kwa adabu na hutamwona tena. Mwambie hivi: "Nina wafugaji wanaonisoma kila siku, wengi wa hapa Dodoma. Nitaliweka duka lako kwenye ukurasa wa bei kwa mwezi mmoja bila malipo. Atakayekuja na kusema ametoka kwangu, mpunguzie Sh 500 kwa mfuko, na andika jina lake kwenye daftari." Nunua daftari hilo mwenyewe, uliache kaunta.

Hilo daftari ndiyo silaha yako. Mwisho wa mwezi mnakaa mnalisoma pamoja. Wakiwa wamefika 12 na kila mmoja alichukua mifuko miwili, mwenye duka anajua faida yake bila kuambiwa, na ukimtajia Sh 40,000 kwa mwezi hatashtuka. Angalia hapo: duka moja, mwezi mmoja, limeshapita miezi yako minane ya Google, maana dola 14 ni kama Sh 35,000. Wakiwa hawakufika kabisa, umejua mapema kwamba wasomaji wako wengi hawakai Dodoma, na utatafuta mtangazaji anayesafirisha mizigo mikoani. Kwa vyovyote hukupoteza kitu isipokuwa bei ya daftari. Usilundike maduka matano ya aina moja kwenye ukurasa mmoja kwa tamaa. Moja la chakula, mmoja wa vifaranga, mmoja wa vifaa kama vyombo vya maji na bruda (chombo cha kuwapa vifaranga joto), basi. Na kila palipolipiwa andika wazi kuwa ni tangazo. Wasomaji hawachukii matangazo. Wanachochukia ni kugundua baadaye kwamba ushauri ulikuwa umenunuliwa.

Kuna njia ambazo utazisoma kwenye kurasa za kigeni na kwetu hazishiki. Kuuza bidhaa za wengine kwa kamisheni ni njia nzuri pale penye maduka makubwa ya mtandaoni, lakini Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na Amazon haimletei mfugaji wa Kongwa mfuko wa chakula. PayPal nayo ukiwa Tanzania inakuruhusu kulipa, kupokea hapana. Usipoteze miezi huko.

Kitabu cha PDF? Watu watakushauri hivyo, na huenda hata umeshakiandika. Kitauzika kwa wanunuzi kumi wa kwanza, wa kumi na moja atakipokea bure kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hakuna wa kumkamata. Ndiyo maana mimi ningeuza kitu kisichoweza kutumwa kwa mwingine, na katika fani yako kipo: siku.

Namaanisha darasa la kulea vifaranga la wiki nane, linaloanza siku wanafunzi wako wanapopokea vifaranga wao. Unaongea na mtotoleshaji unayemwamini, mnakubaliana siku ya kutoa, na wanafunzi 20 wanachukua vifaranga siku moja. Usiku ule wa kwanza wote wako macho wanaangalia bruda, na wewe unawaambia wasome vifaranga badala ya kusoma kipimajoto peke yake: wamejikusanya chini ya joto, ni baridi, wamekimbilia pembeni na midomo wazi, joto limezidi. Kwa ratiba inayotumika sana kwetu, siku ya 7 ni chanjo ya kideri, ya 14 gumboro, ya 21 kideri tena, ya 28 gumboro tena, na ndui baadaye. Jioni ya siku ya 6 unatuma sauti ya dakika mbili: kesho msitumie maji ya bomba yenye klorini, chanjo itakufa, waondoleeni maji mapema ili wawe na kiu, chanjo imalizike ndani ya saa mbili. Wanatuma picha, unawajibu. Aliyeko nje ya darasa hata akitumiwa ile sauti haimsaidii sana, kwa sababu vifaranga wake wana siku 19, au bado hajanunua.

Toza Sh 10,000 kwa kichwa kwa kuanzia. Watu 20 ni Sh 200,000, na hela inaingia kwa Lipa Namba siku hiyohiyo bila kusubiri PIN wala benki. Atakayesema ghali, mkumbushe bei ya vifaranga 100 na idadi wanaokufa kwa mtu anayeanza. Kwenye blogu weka makala moja ndefu ya bure kuhusu wiki ya kwanza ya kifaranga, iwe nzuri kuliko zote, na chini yake tarehe ya darasa lijalo. Hapo blogu yako itakuwa inafanya kazi yake halisi, ya kuwaleta watu mlangoni. Darasa la kwanza litakuchosha kuliko unavyofikiri, maana kila mtu atakupigia simu saa tano usiku. Panga muda wa kujibu, labda saa moja hadi saa mbili jioni, na useme tangu mwanzo kwamba hii ni elimu ya ulezi. Mgonjwa anayehitaji tiba apelekwe kwa daktari wa mifugo aliye karibu. Kama unataka kutoza kwa kutibu, hakikisha uko kwenye orodha ya Baraza la Veterinari.

Sasa la kukataa. Ukianza kujulikana, atakuja mtu wa dawa. Atakuwa na chupa ya "kuongeza uzito kwa wiki mbili" au antibaotiki ya kumpa kila kuku kila wiki, na ataweka mezani hela kuliko duka la chakula. Kataa, hasa kama dawa haijasajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa, na hata iliyosajiliwa usiipigie debe kama soda. Atakuja pia wa vifaranga anayetaka wasomaji wako walipe nusu kabla, wewe utume namba yake tu, yeye atakupa kamisheni. Kabla hujamwona mwenyewe na mashine zake za kutotolesha, usithubutu. Vifaranga hewa wamewaliza wengi nchi hii, na aliyetapeliwa hatamkumbuka tapeli, atalikumbuka jina la blogu alikoipata namba.

Upande wa serikali usiuogope, ila usiupuuze. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wanablogu wasajiliwe na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ada zilizozidi Sh milioni 2 kwa mwaka wa kwanza, na blogu nyingi zilizima wakati ule. Zikaja kanuni za 2020, nazo zikafanyiwa marekebisho. Leseni inategemea aina ya maudhui, na wanaoangaliwa zaidi ni wa habari na matukio. Ofisi ya kanda ya TCRA iko hapohapo Dodoma: peleka barua fupi ueleze unachoandika, uombe jibu la maandishi, ulitunze. Kwa TRA chukua TIN, ni bure. Kampuni ikikulipa inaweza kukukata 5% ya kodi ya zuio. Ikikata, dai cheti chake, kwa sababu hicho kiasi kinahesabika kwenye kodi yako. Na zile namba za simu za wanafunzi ni amana. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria, ukimwingiza mtu kwenye kundi la WhatsApp bila kumuuliza, namba yake inaonekana na wote, na siku mbili baadaye anapigiwa na mtu wa mikopo.

Kuhusu kuacha kuandika ufuge: kwa nini uchague? Fuga kundi dogo, hata kuku 50, na uandike gharama zake shilingi kwa shilingi, pamoja na waliokufa. Hakuna makala itakayosomwa kama hiyo, na mumeo atakuwa na kitu cha kuhesabu mwisho wa mwezi.

Jina la .co.tz nunua, ila baada ya darasa la kwanza kulipa, usitoe hela ya unga. Blogger, ndiyo hiyo Blogspot yako, inakubali jina lako mwenyewe na anwani ya zamani ya Blogspot inampeleka msomaji kwenye mpya, kwa hiyo hutapoteza walioko. Chagua jina fupi linalotamkika kwenye simu bila kutaja herufi mojamoja. Na usajili uwe kwa jina lako, barua pepe yako na namba yako, hata kama kijana wa steshenari amejitolea kukufanyia kila kitu. Nimeona watu wakiombwa mara kumi ya bei halisi ili warudishiwe jina ambalo wao wenyewe walililipia.